Ukimpa Mtoto Mbuzi, Mpe Kweli

Katika vijiji vya Pemba ni ada ya siku nyingi mtoto kupewa mnyama wake mwenyewe angali mdogo. Babu humpa mjukuu tembe wa kuku siku anapomaliza Juzuu Amma chuoni, shangazi humletea mwana wa mbuzi baada ya kutiwa jando, na mama ambaye mbuzi wake amezaa pacha humwonesha binti yake yule mwenye baka jeupe usoni, akamwambia: "Huyu wako, mtunze." Mimi nimelelewa katika ada hiyo upande wa Wete, na wanangu pamoja na wapwa zangu ninaokaa nao nimewalea vivyo hivyo. Watu husema kwa wepesi kwamba mifugo humfunza mtoto uwajibikaji, wakaishia hapo. Ninavyoamini mimi, mbuzi peke yake hamfunzi mtoto kitu. Kinachomfunza ni kule kujua kwamba mnyama yule ni wake kweli, kwamba faida yake ni yake, hasara yake ni yake, na uamuzi juu yake haupitishwi bila yeye kuwapo. Na jambo hilo hutegemea zaidi kauli ya mtu mzima kuliko tabia ya mnyama.

Kazi ya kwanza ni kamba. Visiwani kwetu hatuna mbuga za kuswaga makundi. Mashamba yamebanana, mikarafuu imeingiliana na minazi na muhogo na migomba, kwa hiyo mbuzi na ng'ombe wengi hufungwa malishoni na kuhamishwa mara kadhaa kwa siku. Asiyefuga hudhani kufunga mnyama ni kupiga fundo tu. Mtoto hufundishwa kwanza fundo la shingoni, ambalo halipaswi kukaza hata mbuzi akivuta kwa nguvu zake zote. Kisha hufundishwa kuitembea kamba yenyewe: anashika ncha yake, anazunguka duara lote ambalo mbuzi ataweza kulifikia, na anatazama kila kilichomo. Je, kuna kisiki ambacho kamba itakizonga mpaka mnyama abaki hana pa kugeuza shingo? Kuna ukingo wa shimo anaoweza kuteleza akaning'inia? Jua likihama saa saba, kivuli kitabaki wapi? Muhogo wa jirani uko umbali gani? Binti yangu alipokuwa darasa la pili nilimwona analizunguka duara hilo huku ananong'ona maswali haya moja baada ya jingine, na alipofika penye kisiki cha mwembe akasimama, akakipima kwa macho, akarudi kukichomoa kigingi na kukihamishia upande wa pili wa mnazi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alikuwa amejifunza kuliona tatizo kabla halijatokea, na huo ni uwezo ambao watu wazima wengi tunausomea kwa gharama kubwa.

Baada ya kamba huja ile hali ya kutokuwa na siku ya kupumzika. Miezi ya Januari na Februari, kaskazi inapovuma na majani kukauka, mnyama aliyefungwa hawezi kujitafutia, na mtoto hulazimika kumkatia majani ya mfenesi, kumkusanyia maganda ya ndizi na kumbebea maji. Masika yanapoanguka, mbuzi ambaye haipendi mvua hata kidogo huanza kulia mara tu wingu linapofunga, na mtoto aliyekuwa katikati ya mchezo huacha mpira akakimbia. Asubuhi ya Iddi, kabla ya nguo mpya na kabla ya kwenda kuomba mkono wa Iddi kwa jamaa, mbuzi huwa ameshakula. Mnyama hajui kwamba leo ni sikukuu, wala hajui kwamba jana ulichelewa kulala. Nimeona watoto ambao hawakuwahi kuitii saa ya ukutani wakimtii mbuzi mwenye njaa bila kusukumwa.

Kuku hufunza somo jingine kabisa, nalo ni subira yenye hesabu. Yai la kuku huatamiwa siku 21, na la yule bata wa kienyeji tunayemfuga vijijini huchukua siku 35 hivi. Wanangu huandika kwa penseli tarehe ya kuwekewa kwenye ganda la kila yai. Baada ya wiki moja, usiku, koo akiwa ametulia, tunamtolea mayai mojamoja na kuyamulika kwa tochi ndani ya kiganja kilichofumbwa. Yai lisilo na uhai hung'aa tupu, rangi ya chai hafifu. Yai lenye kifaranga huonesha doa jeusi katikati, na kutoka doa lile husambaa nyuzi nyekundu nyembamba kuelekea kila upande, na ukitulia vya kutosha utaliona doa likitikisika. Mtoto wangu wa mwisho alipoliona jambo hilo kwa mara ya kwanza hakusema neno. Alilirudisha yai chini ya kuku kwa mikono miwili, na tangu siku ile hakuna aliyeruhusiwa kupita mbio karibu na tundu. Mimi mwenyewe, baada ya miaka yote hii, sijazoea kuona uhai unaanza namna ile.

Vifaranga wakishatoka, kazi huwa ni kuwalinda. Usiku adui ni ngawa, mchana ni mwewe na kunguru. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si wenyeji wa visiwa hivi. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe takataka za mji, na leo wao ndio wanaomnyakua kifaranga mbele ya macho ya mwenyewe. Ninapowaeleza watoto habari hiyo huwa nakusudia waelewe kwamba watu walikuwa na nia nzuri, na kwamba nia nzuri haikutosha.

Somo la ugonjwa ni zito zaidi, na hapa nataka kukaa kidogo. Kideri kikiingia kijijini, kuku ambao hawakuchanjwa hufa karibu wote. Huanza kwa kuzubaa na kuharisha kijani, kisha wengine hupindika shingo, na hakuna dawa ya kuwaponya. Ipo chanjo ya tone moja la jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Ila chupa moja ndogo huchanja mamia ya kuku, na ikishafunguliwa haiwekeki kwa ajili ya wiki ijayo. Maana yake ni kwamba mtu mwenye kuku wanane hawezi kujiokoa peke yake. Kwetu watoto ndio wanaopita nyumba kwa nyumba siku iliyotangulia kuwaambia majirani wasiwafungulie kuku asubuhi, ndio wanaowashika kuku wakati mkubwa anadondosha, na ndio wanaojua ni nyumba gani ilikataa. Mpwa wangu aliwahi kurudi kwa mzee mmoja mara tatu, kila mara akianza na "Shikamoo, babu" na kusikiliza maneno marefu kwamba kuku wa zamani hawakuchanjwa na waliishi, mpaka mzee akakubali. Nilimuuliza kwa nini asimwache tu. Akanijibu kwamba kuku wa babu hulala kwao lakini hula kwetu. Katika mafunzo yote ya uraia niliyowahi kuyasikia, sijui lililosema jambo hilo kwa ufupi zaidi.

Kwa ng'ombe, adui mkubwa huwa mdudu mdogo. Watoto hukagua masikio ya ndama kutafuta kupe wa rangi ya kahawia, kwa sababu ndio wanaoleta ndigana kali, na ndama anayevimba tezi chini ya sikio na kupanda homa anaweza kufa kabla ya siku nyingi kupita. Huwa ninawahadithia pia habari ya mbung'o wa Unguja. Mdudu yule aliwaambukiza ng'ombe nagana kwa miaka mingi, wafugaji wakashindwa naye, mpaka wataalamu walipowafuga madume wa mbung'o kwa mamilioni, wakawaondolea uzazi kwa mionzi, na kuwaachia kutoka angani kwa ndege, ili majike yapandwe bila kuzaa. Mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa hakina tena mdudu huyo. Mtoto aliyekwisha kutoa kupe sikioni mwa ndama wake huisikiliza habari hii kwa namna tofauti na anayeisoma kitabuni, kwani huona kwamba ugonjwa una njia yake, na njia inaweza kuzibwa. Hapungukiwi na dua kwa kujua hivyo, ila anajifunza kutomtafuta mchawi.

Nimeanza na magonjwa kabla ya uzazi, ingawa watoto wenyewe wangeanza na uzazi. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, ng'ombe miezi tisa na siku kadhaa, na kila mtoto aliyelelewa pamoja na wanyama hufurahi kugundua kwamba mama yake na ng'ombe wanakaribiana hesabu. Mambo ya uzazi yanayowatia wazazi haya kuyasema, zizi huyasema kwa utulivu na bila uchafu. Mwana wa mbuzi huzaliwa karibu hana kinga yoyote ya maradhi. Kinga huipata kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza baada ya kuzaa, na tumbo lake huweza kuipokea kwa ukamilifu katika saa chache za mwanzo tu. Kwa hiyo asiyenyonya mapema yumo hatarini hata akionekana mzima.

Mbuzi wa binti yangu alizaa pacha usiku wa vuli, na wa pili alikuwa dhaifu, mama yake akimsukuma kila alipokaribia. Binti alimkausha kwa gunia, akamsugua mbavu mpaka akahema vizuri, akamkamua mama dang'a na kumnywesha mwana kwa kijiko, tone baada ya tone, akilala na kuamka pembeni yake. Alifanya kila alichofundishwa. Siku ya tatu mwana akafa. Alinijia na swali moja tu: "Mama, nimekosea wapi?" Nikamwambia hakukosea popote. Jibu hilo lilimwumiza zaidi kuliko kama ningemtajia kosa, kwa sababu kosa lingempa namna ya kujieleza. Watoto husikia kila siku kwamba anayejitahidi hufaulu. Ni kauli nzuri, lakini pungufu, na maisha yatawakuta wamejitahidi wakakosa. Nafurahi kwamba wangu walilijua hilo mapema, nyumbani, wakiwa na mtu wa kukaa nao. Tulimzika mwana yule chini ya mchungwa, na jioni ile ile binti akarudi kumnyonyesha aliyebaki, kwa kuwa wa kumnyonyesha alikuwapo.

Kuna somo la ujirani ambalo halikwepeki. Msimu wa karafuu, majamvi yanapotandazwa uani na karafuu kuanikwa, kuku mmoja mwenye miguu isiyotulia anaweza kuichakura kazi ya siku nzima, na mbuzi aliyekata kamba anaweza kumaliza tuta la muhogo kabla ya adhana ya alasiri. Mambo kama hayo hufika kwa sheha, na fidia hulipwa. Nyumbani kwetu mwenye mbuzi ndiye anayekwenda mwenyewe kwa mwenye konde, hata kama ana miaka tisa. Mkubwa humsindikiza, lakini hamsemei. Mtoto husimama, huamkia, hueleza kilichotokea bila kukipunguza, na huuliza anadaiwa nini. Mara nyingi hulipa kwa kazi, kwa kupalilia matuta mawili matatu. Majirani zetu, Mwenyezi Mungu awazidishie, wamekuwa waungwana mno katika hili. Hawamcheki mtoto wala hawamsamehe haraka kiasi cha kumnyima nafasi ya kulipa.

Kisha huja kisu. Najua wazazi wanaowaficha watoto wakati wa kuchinja, na wengine wanaowalazimisha kusimama mbele ili wawe majasiri. Mimi sifuati njia yoyote kati ya hizo. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila jambo, na kwamba anayechinja anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Amesimulia habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Amesema pia kwamba hakuna Nabii ambaye hakuchunga, na yeye mwenyewe aliwachungia watu wa Makka. Mafundisho haya mtoto huyasikia chuoni, lakini huyaelewa pale anapoona mkubwa akimnywesha mbuzi maji kwanza, akinoa kisu mbali na macho yake, na asimchinje mmoja mbele ya mwenziwe. Huko ndiko adabu inakoonekana kwa macho. Mtoto anayetaka kuwapo huwapo, na asiyetaka huachwa. Mpwa wangu mmoja, Iddi Kubwa mbuzi wake alipochinjwa kwa ridhaa yake mwenyewe, aligawa nyama kwa mikono yake kwenye nyumba za jirani, ila akaomba asile. Hakuna aliyemshurutisha, na sikuruhusu mtu yeyote amfanyie mzaha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika udogo wetu kaka yangu alipewa mwana wa mbuzi, akamlea mpaka akawa beberu la kusifiwa. Siku moja alirudi chuoni akakuta kigingi na kamba, beberu hayupo. Palikuwa na harusi ya jamaa, fedha zilikuwa zimepungua, na mkubwa mmoja wa ukoo alimwuza bila kumwambia mtu. Kaka alipouliza aliambiwa kwamba mtoto hana mali, mali yote ni ya wakubwa. Haja ya fedha ilikuwa ya kweli, wala sidhani kwamba kaka angekataa kumtoa kama angeulizwa; alikuwa mtoto mwenye moyo mpana. Lakini hakuulizwa. Katika siku ile moja, yote aliyojifunza kwa kamba na majani na maji yaligeuzwa kinyume, kwani alijifunza kwamba anayefanya kazi si anayeamua, na kwamba "huyu wako" lilikuwa neno la kumtuma kazi tu. Ni mtu mzima sasa, mwenye watoto wake, na hafugi hata kuku.

Jambo hili ni la kawaida sana visiwani kwetu, na wengi wanaolifanya si watu wabaya. Ni watu waliobanwa. Ada ya shule ya mtoto mwingine, dawa ya mgonjwa, nauli ya kuvuka kwenda Unguja, yote haya ni ya haki. Ninachowaomba wazazi wenzangu ni kwamba kama hamna hakika ya kuitunza kauli, msiitoe. Mwambieni mtoto kwamba mbuzi ni wa nyumba na yeye ni msaidizi. Hilo nalo ni somo jema, na ni la kweli.

Kwa upande wetu tumeweka daftari. Kila mtoto mwenye mnyama ana kurasa zake, na humo huandikwa siku ya kuzaliwa, chanjo, dawa ya minyoo, pumba iliyonunuliwa na nani aliyeitoa fedha. Mnunuzi anapokuja kabla ya Iddi Kubwa, akamfungua mbuzi kinywa kutazama meno kama ametimiza mwaka unaotakiwa kwa udhiya, mwenye mbuzi huwa amekaa pale na daftari lake, na bei hutajwa kwake. Fedha zikishaingia, pumba na dawa hutolewa kwanza. Mpwa wangu alisikitika alipoona kwamba faida yake ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani, akakaa na hesabu ile jioni nzima, na mwaka uliofuata alianza mwenyewe kukausha majani wakati wa masika ili asinunue chakula wakati wa kaskazi. Yeye ndiye aliyesikia chuoni kwamba mbuzi wakifika 40 huwa na zaka ya mbuzi mmoja, na tangu hapo ameazimia kufika 40. Kuwa tajiri hakumshughulishi. Anataka kuwa mtu wa kutoa zaka. Mwalimu wake alimweleza kwamba yapo masharti mengine, naye akayaandika ukurasa wa mwisho.

Najua pingamizi zilizopo. Skuli ni ya kwanza, na mnyama asiyeweza kutunzwa bila mtoto kukosa masomo hafai kupewa mtoto. Ng'ombe dume si wa mtoto mdogo. Mikono huoshwa kwa sabuni, kuku hawalazwi chumbani, na maziwa huchemshwa. Mtoto asiye na hamu na wanyama asilazimishwe. Apewe tuta la mboga au mche wa mkarafuu. Wala jambo hili lisiwe la wavulana peke yao, kwa maana binti aliyewahi kuuza mbuzi wake kwa bei aliyoikubali mwenyewe hatasahau kwamba kauli yake ina uzito.

Na shida ikija kweli, kama inavyotujia sote, mtoto huitwa akaelezwa kwa lugha anayoielewa: ni shida gani, inahitaji kiasi gani, na kwa nini tumemfikiria mbuzi wake. Akikubali, hushukuriwa mbele ya wenziwe. Akikataa, tunatafuta njia nyingine kwanza, na mara nyingi ipo. Kama haipo kabisa na mbuzi akauzwa, basi ni mkopo. Huandikwa ndani ya daftari lile lile, mtoto akiona, kiasi kilichopatikana, jina la mkubwa aliyekopa na siku ya kumrudishia mtoto mbuzi wa umri ule ule, kisha mkubwa huweka sahihi yake chini.